Kiraka Kilichofika Kabla ya Ugonjwa: Historia ya Windows Kujisasisha

Agosti 11, 2003, kompyuta za Windows XP zilianza kuzimika zenyewe sehemu nyingi duniani. Kijisanduku kilijitokeza kwenye skrini kikitangaza kwamba mfumo unazimwa, saa ikihesabu kurudi nyuma kuanzia sekunde 60. Aliyekuwa anaandika ripoti alibaki na dakika moja ya kuihifadhi. Akiiwasha kompyuta na kuingia tena mtandaoni, inazimika tena. Chanzo kilikuwa mnyoo wa kompyuta ulioitwa Blaster, na haukumsubiri mtu abofye kitu chochote. Ilitosha kompyuta kuwa kwenye intaneti bila kinga.

Kilichowauma Microsoft ni kwamba dawa ilikuwepo. Kiraka cha kuziba tundu lililotumiwa na Blaster kilitolewa Julai 16, karibu wiki nne kabla. Na haikuwa mara ya kwanza. Code Red, mnyoo uliovamia seva Julai 2001, ulitanguliwa na kiraka chake mwezi Juni. Slammer, wa Januari 2003, ulikuta kiraka kimekaa nusu mwaka. Tatizo halikuwa kutengeneza viraka, bali kuvifikisha ndani ya mashine za watu.

Njia ya kuvifikisha ilikuwa bado changa. Windows Update ilianza na Windows 98, mwezi Juni 1998, ikiwa ni tovuti tu. Mtumiaji aliifungua kwa Internet Explorer, ikakagua mashine yake, ikampa orodha, kisha akachagua na kupakua mwenyewe. Windows Me ya mwaka 2000 ilileta masasisho ya kujiendesha, na XP ikaurithi utaratibu huo mwaka uliofuata, ikapakua chinichini pale laini inapokuwa haina kazi. Hata hivyo mashine iliendelea kuomba ruhusa, kwa puto dogo la njano kwenye kona ya chini ya skrini. Watu walilifunga kama wanavyofukuza nzi.

Tusiwalaumu haraka. Kwa modemu ya kilobiti 56 iliyochomekwa kwenye simu ya mezani, megabaiti 10 zilikula karibu nusu saa, tena mambo yakienda vizuri. Mara nyingi dakika hizo zililipiwa na mwenye simu, wala si na kampuni iliyouza programu yenye matundu.

Blaster ulibeba pia kejeli yake. Uliziagiza mashine zilizoambukizwa ziishambulie windowsupdate.com kwa pamoja kuanzia Agosti 16, ili mlango wa kupatia dawa uzibwe. Mwandishi wake alikosea hesabu: anwani hiyo ilikuwa njia ya kupitia tu, ikimpeleka mtu kwenye anwani halisi. Microsoft waliifuta, na shambulio likakosa pa kutua.

Oktoba mwaka huohuo kampuni ikaweka ratiba: viraka vitoke Jumanne ya pili ya kila mwezi. Wasimamizi wa mitandao ya mabenki na maofisi, waliokuwa wakishtukizwa siku yoyote, walipata angalau siku ya kujipanga. Wahalifu nao waliipata. Wanalinganisha faili la zamani na lililorekebishwa, wanaona tundu lilikuwa wapi, kisha wanawawinda waliochelewa. Agosti 2004 likafuata furushi la pili la marekebisho ya XP, SP2, ambalo lilimkabili mtumiaji na skrini nzima ya kumsihi awashe masasisho ya kujiendesha. Ombi lilianza kunukia amri.

Amri yenyewe ilikuja na Windows 10, Julai 29, 2015. Wenye toleo la nyumbani hawakuachiwa tena kitufe cha kukataa. Hilo naweza kulitetea, kwa kuwa mashine moja isiyo na kinga huambukiza nyingine. Nisiloweza kulitetea ni jinsi wenye Windows 7 na 8.1 walivyovutwa kuhamia huko. Tangazo la kuwahimiza lilipitishwa kwenye bomba lilelile la viraka vya usalama. Mwaka 2016 toleo jipya likaanza kujipakua kwenye mashine nyingi, na ikafika mahali ambapo kubofya alama ya X kufunga tangazo kulihesabiwa kuwa umekubali. Katika hifadhi ya Chinko, Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambako askari wa wanyamapori waliongozwa kwa kompyuta zenye intaneti ya setilaiti ya bei kali, Windows 10 ilijipakua bila kuombwa. Huko California, mwanamke mmoja mfanyabiashara alishinda kesi ya dola 10,000 baada ya kompyuta yake ya kazi kuharibika.

Wengi waliamua kuzima masasisho yote. Kwetu hilo halikuwa jipya. Mafundi wa kompyuta walishazoea kuizima Windows Update kabla ya kumkabidhi mteja mashine, bando lisiishe kwa usiku mmoja, na nakala isiyo na leseni isije ikajulikana.

Mei 12, 2017 ikaja WannaCry, programu ya kufunga mafaili na kudai fidia, ikasambaa katika nchi zaidi ya 100 na kuvuruga hospitali za Uingereza. Kiraka kilikuwa kimetoka Machi 14. Kwa hesabu ya kampuni ya usalama wa kompyuta ya Kaspersky, zaidi ya asilimia 98 ya mashine zilizopigwa zilikuwa za Windows 7, toleo lilelile ambalo wenyewe walikuwa wamesumbuliwa mwaka mzima. Sidai kwamba usumbufu ule ndio uliosababisha, ila haukusaidia.

Mwaka 2019 Microsoft walilegeza kidogo. Mwenye toleo la nyumbani aliruhusiwa kuahirisha masasisho siku saba saba, mpaka siku 35. Zilipoisha, ilibidi yapakuliwe kwanza ndipo aweze kuahirisha tena.