Wacheza Gemu Walipogombea Kiti cha Croydon

Kwa miaka mingi sinema za watu wazima ziliruhusiwa Australia kwa alama ya R18+, lakini gemu hazikuwa na daraja hilo. Ngazi yao ya juu iliishia MA15+, na gemu iliyovuka hapo ilipigwa marufuku madukani. Mwaka 2008 Fallout 3 ilikataliwa kwa sababu mhusika wake hutumia mofini. Watengenezaji wakaipa dawa hiyo jina la kubuni, ikapita.

Kuongeza daraja kulihitaji wanasheria wakuu wa serikali zote nchini wakubaliane, bila hata mmoja kupinga. Michael Atkinson, Mwanasheria Mkuu wa Australia Kusini na mbunge wa Croydon jijini Adelaide, alipinga. Alisema mtoto akicheza gemu haangalii ukatili tu, anautenda, na diski ya mtu mzima ikishaingia nyumbani mtoto ataipata. Hoja hiyo ina uzito, na mzazi yeyote anaielewa.

Kilichoudhi ni namna alivyowachukulia waliompinga. Februari 2010, akihojiwa kwenye kipindi cha televisheni, alieleza kwamba barua ya vitisho ilisukumwa chini ya mlango wake usiku wa manane, na kwamba sasa aliwahofia wacheza gemu kuliko magenge ya waendesha pikipiki. Samaki mmoja akaozesha tenga zima. Na wengi wa hao aliowatenga hawakuwa watoto: utafiti wa wakati ule ulionyesha kuwa wastani wa umri wa mcheza gemu Australia ulikuwa miaka 30. Walikuwa wapiga kura, tena katika nchi ambayo sheria inamlazimisha kila raia aliyefikisha miaka 18 kupiga kura.

Kumbe hawakusubiri hata dharau hiyo. Mwaka 2009 walikuwa wameshaanzisha chama, Gamers4Croydon, wakimlenga Atkinson kwenye kiti chake mwenyewe. Mapema 2010 yeye akawaongezea hasira: sheria aliyoisimamia, iliyowataka watoa maoni ya uchaguzi mtandaoni kutaja majina yao halisi, ilizua kelele kubwa hadi akaahidi kuifuta.

Uchaguzi ulifanyika 20 Machi 2010. Chama cha wacheza gemu kilipata chini ya asilimia 4 ya kura za Croydon, Atkinson akashinda. Kesho yake alitangaza kuacha uanasheria mkuu na kubaki mbunge. Kudai kwamba kura hizo chache ndizo zilizomng'oa ni kutia chumvi.

Nguvu ya wacheza gemu ilionekana kwingine. Serikali kuu ilipoomba maoni ya wananchi kuhusu R18+, ilipokea zaidi ya 58,000, na takribani asilimia 98 yaliunga mkono. Maelfu yalisainiwa kwenye kaunta za maduka ya gemu: mteja analipia diski yake, anajaza fomu, anaondoka. Kwenye sanduku la kura suala la gemu lilishindana na hospitali, maji na kodi. Kwenye fomu lilisimama peke yake.

Mrithi wa Atkinson, John Rau, hakuendeleza upinzani huo, na Julai 2011 mawaziri wakakubaliana kimsingi. Daraja la R18+ kwa gemu lilianza kutumika 1 Januari 2013. Atkinson akawa Spika wa Bunge la Australia Kusini mwaka huohuo, na aliendelea kuwa mbunge wa Croydon hadi alipostaafu mwaka 2018.