Bibi wa Buhaya na Kitabu cha Ubatizo

Katika mazishi ya Wakristo wa Tanzania, kabla jeneza halijateremshwa kaburini, husomwa wasifu wa marehemu. Ni utanzu mfupi wenye kanuni zake. Huanza na mwaka wa kuzaliwa na majina ya wazazi, hufuata ubatizo, kipaimara na ndoa, kisha idadi ya watoto, wajukuu na vitukuu, halafu ugonjwa na siku ya kufariki. Marehemu akiwa bibi Mkatoliki, maneno mawili hayakosekani: mcha Mungu. Siku hizi wasifu huo aghalabu hutungwa kwa simu, mjukuu wa London akiongeza mwaka, wa Muscat akisahihisha jina la shangazi, wa Minneapolis akihimiza usizidi ukurasa mmoja. Maneno mcha Mungu hupita bila kujadiliwa, na pamoja nayo hupita sehemu kubwa ya historia.

Si kwamba maneno hayo ni ya uongo. Kasoro yake ni kwamba hufunga mazungumzo. Hayasemi mwanamke huyo aliingiaje katika dini ambayo bibi yake mwenyewe hakuijua, alilipa gharama gani, wala imani hiyo ilimwezesha kubeba mizigo ipi. Buhaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria, ni mahali panapofaa kuulizia maswali hayo. Wanawake waliozaliwa huko kati ya mwaka 1915 na 1935 walikulia chini ya Waingereza, wakauona uhuru, wakashuhudia vita vya Kagera, na wengi wao wakawazika watoto wao wakati wa UKIMWI. Wengi walivipita vipindi hivyo vyote rozari ikiwa mkononi.

Mapadre Weupe walifungua misheni ya Kashozi mwaka 1892, wakitokea Buganda ambako Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa wamepigana mwaka huohuo. Walikuja na utaratibu wa mwanzilishi wao, Kardinali Charles Lavigerie, uliomtaka mtu mzima asubiri miaka 4 kabla ya kubatizwa. Katika muda huo alifundishwa sala na katekisimu, akahojiwa, akaangaliwa mwenendo wake. Kwa msichana, miaka 4 ilikuwa ndiyo miaka ya kuposwa. Kuhudhuria mafundisho kulimaanisha kuondoka nyumbani kwa siku zinazojulikana, kukaa na wasichana wenzake, na kuwa na sababu ya kumwambia baba kwamba mchumba aliyepatikana hafai kwa kuwa si mwanafunzi wa dini. Baba wengine walikubali, na wengine waliingia dini pamoja na jamaa zao. Laurean Rugambwa, ambaye mwaka 1960 alikuja kuwa kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama hizi, alibatizwa mwaka 1921 akiwa na umri wa miaka 8, siku moja na baba na mama yake. Lakini si kila nyumba ilibatizwa kwa pamoja.

Mwanahistoria Birgitta Larsson, katika kitabu chake cha mwaka 1991 kuhusu wanawake, Kanisa na mabadiliko ya jamii kaskazini-magharibi mwa Tanzania, anauliza kama kuongoka kulikuwa njia ya uhuru kwa wanawake hawa. Swali lake lina uzito kwa sababu maandishi ya wakati wa ukoloni na ya baadaye yalimtazama zaidi mwanamke wa Kihaya aliyehama. Waziba, kama walivyoitwa Nairobi, wanatajwa katika tafiti za ukahaba mjini humo, kikiwamo kitabu cha Luise White cha mwaka 1990. Yule aliyebaki kijijini akilima migomba na kusali hakuwashughulisha maofisa, hivyo hakuandikwa sana. Hata hivyo, wanawake hao wawili walikuwa wakilijibu tatizo moja. Aliyeikimbia ndoa asiyoitaka aliweza kupanda meli kwenda Kampala, au aliweza kubisha hodi kwa masista. Ucha Mungu wa bibi, ukitazamwa kwa jicho hilo, ulikuwa uamuzi uliofanywa mbele ya njia nyingine.

Mwanamke aliyebaki aliandikwa mahali pamoja: katika kitabu cha ubatizo. Serikali ya kikoloni iliorodhesha walipa kodi na vibarua, yaani wanaume. Mke alihesabiwa katika kodi ya mumewe. Parokia, kwa upande wake, ilifungwa na Kanuni za Kanisa za mwaka 1917, zilizoagiza kuandikwa kwa jina la mbatizwa, wazazi, msimamizi, mahali na tarehe. Kanuni hizo ziliongeza sharti lenye thamani kubwa kwa mwanahistoria: kipaimara na ndoa viandikwe pia pembeni mwa jina katika kitabu kilekile. Aliyefunga ndoa katika parokia nyingine, habari zake zilipaswa kurudishwa pale alipobatizwa. Kwa hiyo mwanamke aliyehamia kwa mumewe mwendo wa siku mbili, na ambaye ukoo wake uliacha kumtaja, aliendelea kuwa na mstari wake kwa padre wa utotoni. Vizazi baadaye, cheti kinachonakiliwa kutoka kitabu hicho hupelekwa katika ofisi ya usajili kuthibitisha umri wa watu ambao hawakuwahi kuandikishwa na serikali walipozaliwa.

Mstari huo una mengi, lakini una mipaka yake. Unampa jina jipya: Paskazia, Leokadia, Adventina, majina ya kalenda ya watakatifu ambayo Wahaya waliyapenda na kuyafanya yao. Hausemi kwamba nyumbani aliendelea kuitwa Kokushubira au Kokugonza. Unamtaja msimamizi, hausemi alikuwa nani kwake, ingawa mama wa ubatizo ndiye aliyekuwa mlango wa kukimbilia ndoa ilipovurugika. Unataja ndoa moja, haugusi wanawake waliotolewa ili ndoa hiyo ipatikane. Mwanamume mwenye wake wengi hakubatizwa mpaka abaki na mmoja. Kila ndoa takatifu ya namna hiyo iliacha nyuma mwanamke mmoja au zaidi waliorudi kwao, pengine na watoto, pasipo kosa lolote. Nao wana wajukuu. Wasifu wa upande mmoja wa familia husifu uaminifu wa bibi aliyebaki. Upande wa pili hauna kitabu cha kufungua.

Lugha ya sala nayo ina historia yake. Bibi aliyezaliwa mwaka 1925 alijifunza katekisimu na rozari kwa Kihaya. Kanisani aliimba Kilatini, akiyajua maneno kwa sikio. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuruhusu lugha za watu mnamo Desemba 1963, Misa ilianza kusikika kwa Kihaya, na kadiri miaka ilivyokwenda Kiswahili kikachukua nafasi yake, hasa mijini na katika mikutano ya jimbo. Wakati huohuo, kuanzia mwaka 1968, mradi wa majaribio wa kisomo cha watu wazima uliosaidiwa na UNESCO uliendeshwa katika mikoa ya ziwa, ukiwemo Ziwa Magharibi, jina la Kagera la wakati huo. Kwa wengi wa rika lake Kiswahili kilifika ukubwani, kwa njia ya redio, mikutano ya TANU, madarasa ya jioni na kanisa. Chama cha Wanawake Wakatoliki Tanzania, WAWATA, kilichoanzishwa mwaka 1972, na jumuiya ndogondogo ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele mwaka 1976, ziliwapa wanawake hao mahali pa kuongoza sala, kutunza fedha na kuzungumza hadharani. Mjukuu aliyeko ughaibuni, anayekitunza Kiswahili kama lugha ya bibi yake, angeshangaa kujua kwamba bibi huyo alikipata akiwa mtu mzima, kama yeye alivyoipata lugha ya ugenini.

Liko pia suala la kibanja, shamba la migomba na kahawa ambalo ndilo nyumba, chakula na kaburi la Mhaya. Kanuni za sheria ya mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo, si kuiuza. Mjane hakuwa na fungu katika urithi wa mumewe ikiwa marehemu aliacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake lilikuwa ni kutunzwa na watoto wake. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, akiwa Mwanza, aliamua kuwa kumzuia mwanamke wa Kihaya kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi ni ubaguzi unaokiuka Katiba. Hukumu hiyo husomwa na wanafunzi wa sheria sehemu nyingi za Afrika. Lakini bibi wa mwaka 1925 alikuwa ameshafikisha miaka 65, na maisha yake yote alikuwa amelima ardhi isiyo yake kwa kutegemea kwamba wanawe wataishi.

Wengi hawakuishi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, wakati watu walipokuwa wakiuita ugonjwa huo Juliana, jina la kitambaa kilichouzwa na wafanyabiashara wa magendo. Dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bure kwa mpango wa taifa mwaka 2004. Katikati kuna miaka 21. Bibi aliyezaliwa mwaka 1925 alikuwa na miaka 58 ilipoanza na 79 ilipokwisha. Sheria ya mila iliweka fungu lake kwa watoto, watoto wakatangulia. Alibaki na wajukuu, mara nyingi wa watoto wake kadhaa kwa pamoja, akilea kwa mara ya pili bila mume, bila pensheni na bila hati ya shamba. Alisikia mahubiri yaliyokataza kondomu, akayasikia akiwa ameshazika. Kanisa hilohilo lilikuwa na hospitali zilizomlaza mwanawe, na jumuiya iliyokuja jioni na kuni, ndizi na sala. Yote mawili ni kweli, na wasifu unaotaja moja tu unampunguza.

Hapo rozari inaeleweka kwa namna nyingine. Sala ya Salamu Maria 50 kila jioni, katika matendo ya furaha, ya uchungu na ya utukufu, ilikuwa ratiba iliyowakusanya watoto wasio wa mama mmoja katika chumba kimoja, saa ileile, wakisema maneno yaleyale, na aliyekosekana akajulikana. Papa Yohane Paulo II alipoongeza matendo ya mwanga mwaka 2002, wazee wengi walilazimika kujifunza upya sala waliyoisali tangu utotoni. Katika nyumba nyingi za Kagera aliyeyasoma matendo hayo mapya kwa sauti alikuwa mjukuu, kwa Kiswahili cha shuleni, na bibi akaitikia.

Baadhi ya wajukuu hao ndio leo wanaoandika wasifu wakiwa nchi za mbali. Wanayo nafasi ambayo watafiti wengi hawana. Ofisi ya parokia alikobatizwa bibi bado ina kitabu, na kitabu kina namba yake. Wapo wazee wanaokumbuka nani alimpeleka mafundishoni na nani alikuwa mama yake wa ubatizo, ingawa idadi yao inapungua kila mwaka. Inafaa kuulizwa, wakati bibi angali hai ikiwezekana, alisali kwanza kwa lugha gani, alilima shamba la nani, ni nani aliyeondoka ili yeye aolewe, na ni watoto wangapi aliowalea ambao hakuwazaa. Hili la mwisho lina haki ya kuandikwa kwa tarakimu, mstari mmoja na idadi ya aliowazaa. Ukurasa mmoja unatosha kuyabeba yote haya. Baada ya hayo mwandishi akitaka kuandika mcha Mungu, waombolezaji watajua anasema nini.