Kibarani na Hori la Makupa: Mambo ya Kujua Kabla ya Kupanga Upya Ukingo wa Bahari

Anayetoka kisiwani Mombasa kwenda Changamwe kwa njia ya Makupa, kwa miaka mingi alikuwa akipita Kibarani ameziba pua. Jaa lilikuwa kando kabisa ya maji, na moshi ukifuka. Mwaka 2018 jaa lile lilifungwa, taka zikaelekezwa Mwakirunge huko Kisauni, na Kibarani pakafukiwa kwa udongo na kupandwa miti.

Sisi wanafunzi wachache wa Changamwe tulipopewa kazi ya kikundi ya kupanga upya ukingo wa bahari kwa namna itakayodumu, hatukutafuta mbali. Tuliyojifunza nayaweka hapa kwa sababu yanawafaa pia watu wa Mtongwe, Mikindani, Mishomoroni na kila mtaa wenye hori.

Maji kwanza

Hori la Makupa ndilo linalounganisha hori la Tudor na hori la Port Reitz. Kwa miongo mingi tuta la barabara liliyakata maji hayo katikati, na hori lisilopitisha maji huwa kama bakuli: kinachoingia hukaa. Mwaka 1988 tani zipatazo 5,000 za mafuta zilimwagika katika hori hili na kuua mikoko. Mafuta yakishaingia matopeni hayaondoki upesi. Daraja jipya la Makupa lililofunguliwa mwaka 2022 limesimama juu ya nguzo, na maji yanapita chini yake. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mchoro wetu ilikuwa kutofukia maji hata hatua moja. Ukingo ulioongezwa kwa kifusi leo ni tuta jingine kesho.

Kanuni ya pili ni kulijua bamvua. Mombasa, wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Anayekwenda kupima siku za maji mafu atachora njia ya miguu mahali ambapo wiki inayofuata patapita samaki. Sisi tulifuata alama za maji kwenye mizizi na kuta, na tukawauliza wavuvi, ambao hesabu hiyo wanayo kichwani.

Ukuta wa mawe au mikoko?

Wengi wakisikia ukingo mzuri hufikiri ukuta wa saruji. Ukuta hulirudisha wimbi kwa nguvu, na tope la chini yake huchimbika. Mikoko hulivunja wimbi, hushika tope na huwapa makao kamba, kaa na samaki wadogo. Kenya ina aina 9 za mikoko, na kila moja ina mahali pake. Mlilana husimama mbele kwenye maji, mkoko wenye mizizi ya miguu hufuata, kisha mkandaa, na mchu huvumilia chumvi hadi karibu na nchi kavu. Kupanda aina moja popote ndiko kunakofanya miche mingi ife.

Kule Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya ukaa tangu mwaka 2013, na mapato yake yamesaidia maji na shule za kijiji. Ukingo mdogo kama wa Kibarani hauwezi kutegemea fedha za namna hiyo, lakini somo la Gazi ni kwamba wanakijiji ndio wanaolinda miti.

Ardhi iliyokuwa jaa

Taka zilizofukiwa huendelea kuoza. Udongo hushuka, na chini hutoka gesi ya methani inayoshika moto. Kwa hiyo majengo mazito hayafai juu yake. Panafaa miti, nyasi, vijia na vibanda vyepesi, na mvua lazima itengenezewe njia isije ikapenya kwenye taka na kuvuja na uchafu hadi horini.

Kama kuna anayedhani ardhi iliyoharibika haiponi, aende Bamburi. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji, mahali palipokuwa mwamba mtupu. Mvinje ndio ulioshika, na majongoo wakalegeza majani yake hadi yakawa udongo. Leo ni Haller Park.

Ukingo ni wa nani?

Hapa ndipo kikundi chetu kilipogawanyika. Wenzetu wengine walitaka mikahawa na maegesho ya magari, ili mahali pajilipie. Ndipo mzee mmoja mvuvi akatuuliza ngalawa zitapandishwa wapi, na hakuna aliyekuwa na jibu. Mchoro wote haukuwa na diko.

Mama Ngina, ng'ambo ya Likoni, ilifunguliwa upya Oktoba 2019, na familia nyingi hupenda kupunga upepo kule na kula mihogo na madafu. Ni jambo jema. Lakini bara bado wako watu wanaoishi kwa bahari, si wa kuitazama tu. Mahali panaposafishwa hupanda thamani, na thamani ikipanda, mwenyeji ndiye wa kwanza kuambiwa asogee.

Sheria iko upande wetu tukiijua. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na cha 69 kinaitaka serikali ihimize wananchi kushiriki katika kuyatunza. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 nayo inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari, na wananchi wana haki ya kutoa maoni kabla kibali cha Nema hakijatolewa.

Mchoro wetu wa mwisho unaanza na diko, kisha mikoko, kisha kivuli cha mama wauza samaki na uwanja wa watoto. Mkahawa umebaki mmoja, nyuma. Tumeongeza pia ukurasa mmoja kuhusu Mwakirunge, kwa sababu taka za Changamwe bado zinakwenda kwa jirani, na watu wa huko wana pua kama sisi. Mtaa wowote unaotaka kupanga ukingo wake uanze kwa kuuliza maswali haya mawili: ngalawa zitapanda wapi, na taka zitakwenda kwa nani.