Ukoo wa FitzGerald na Cheo cha Kildare

Katika mji wa Maynooth, nchi ya Ayalandi, magofu ya ngome ya kale yasimama karibu na lango la chuo cha mapadre. Yote mawili yahusu ukoo mmoja, ukoo wa FitzGerald, waliorithishana cheo cha Earl wa Kildare, yaani kabaila mkubwa chini ya mfalme.

Asili yao ni Wanormani walioingia Ayalandi katika karne ya 12. Mwaka 1316 mfalme wa Uingereza alimpa John FitzThomas cheo hicho, naye hakukifaidi, maana alifariki mwaka ule ule.

Mashuhuri kuliko wote ni Gerald, Earl wa 8, aliyetawala Ayalandi kwa jina la mfalme kwa miaka mingi, hata akafa mwaka 1513. Yasimuliwa kwamba mwaka 1492 watu wake walipigana na watu wa ukoo wa Butler mjini Dublin. James Butler akakimbilia katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrisi, akajifungia chumbani. Gerald akamwita wapatane. Yule akahofu hila. Basi Gerald akaamuru mlango utobolewe, akaupenyeza mkono wake tunduni, ijapokuwa upanga ungaliweza kuukata. Butler akaushika, wakapatana. Mlango ule wenye tundu umehifadhiwa hata leo.

Mjukuu wake Thomas hakuwa na subira hiyo. Mwezi wa Juni 1534 ulivuma uvumi kwamba baba yake, aliyekuwa kifungoni London, ameuawa. Ulikuwa uongo, lakini Thomas aliutupa upanga wa serikali mbele ya baraza, akaasi. Mwezi uliofuata watu wake wakamwua Askofu Mkuu John Alen huko Artane, tendo ovu ambalo hakuna awezaye kulitetea. Machi 1535 ngome ya Maynooth ikatekwa. Na tarehe 3 Februari 1537 Thomas aliuawa London pamoja na baba zake wadogo watano, ingawa baadhi yao hawakushiriki uasi.

Akasalia mtoto mmoja, Gerald, ndugu yake kwa baba, mwenye umri wa miaka kama 12. Akafichwa nyumba hata nyumba. Shangazi yake Eleanor, aliyekuwa mjane, alikubali kuolewa na mtawala Manus O'Donnell, kusudi mtoto apate kinga. Mwaka 1540 akavushwa bahari mpaka Ufaransa, akafika Italia, akalelewa chini ya ulinzi wa Kardinali Reginald Pole. Malkia Mary akamrudishia cheo mwaka 1554.

Baadaye ukoo ulifuata Uprotestanti, na mwaka 1766 James, Earl wa 20, akapandishwa kuwa Duke wa Leinster. Nyumba yao ya Dublin imekuwa bunge tangu 1922. Mwanawe Edward alijiunga na waliotaka uhuru wa Ayalandi, akafa kwa majeraha kifungoni, Juni 1798. Ndugu yake William, Duke wa pili, ingawa hakuwa Mkatoliki, ndiye aliyetoa ardhi yake Maynooth, na chuo cha mapadre kikaanzishwa hapo mwaka 1795.