Apothesio: Kikombe cha Kuvu kwenye Sindano za Msonobari

Apothesio ni kiungo cha uzazi cha kuvu za kundi la askomaiseti, ambacho tabaka lake linalozaa spora hukaa wazi hewani badala ya kufungiwa ndani ya ganda, na jina hilo, lenye asili ya neno la Kigiriki linalomaanisha ghala, linaweza kufasiriwa kwa Kiswahili kuwa kikombe cha kuvu. Fasiri hiyo humpa mwanafunzi sura ya kitu mara moja, lakini inabana mno, kwa sababu inataja umbo ilhali istilahi inataja uwazi wa tabaka, na zipo apothesio zisizofanana na kikombe hata kidogo. Kwa hiyo inafaa apothesio libaki kuwa jina la kiungo chenyewe, na kikombe litumike pale tu umbo linaporuhusu. Spora nazo zisiitwe mbegu, kwa kuwa hazina kiinitete.

Mahali pamoja pa kukitafuta kiungo hiki ni kwenye majani ya msonobari, yaani paina. Msomaji wa Mwigobero, mjini Musoma, huenda akaijua paina kama mbao kabla ya kuijua kama mti, kwani misonobari haina asili kusini mwa Sahara. Pinus patula, kwa mfano, ililetwa kutoka Meksiko. Hata hivyo, akipita Bunda hadi Kisorya na kuvuka ziwa, atafika Ukerewe, kwenye shamba la miti la Rubya, ambako misonobari imepandwa. Majani ya mti huu, yaitwayo sindano, huanguka yakiwa bado katika vifungu, nayo huoza polepole, hivyo huzipa kuvu muda wa kutosha kukamilisha uzazi wake juu yake.

Anayeokota sindano hizo huanza na lenzi ya mkononi inayokuza mara 10, maana apothesio nyingi hazifikii upana wa milimita 1. Jambo la kwanza la kuchunguza ni kama kiungo kimekaa juu ya ngozi ya sindano au kimetokea ndani yake na kuipasua. Lophodermium pinastri, inayojulikana sana Ulaya, huonekana kama doa jeusi lililorefuka, lenye mpasuo mmoja unaofuata urefu wa sindano, na baina ya madoa hayo huwa na mistari myembamba myeusi inayoikata sindano kwa upana. Mpasuo unapolowa hufunguka na kulidhihirisha tabaka la spora, na hapo ndipo jina apothesio linapothibitika bila kikombe kuonekana. Cyclaneusma minus huipasua ngozi ikaacha vipande viwili vilivyoinuka pembeni mwa tabaka lenye rangi ya krimu. Desmazierella acicola ndiyo yenye kikombe cha kweli, cheusi, kilichojaa nywele ngumu.

Lenzi haitoshi kutoa jina la spishi. Chini ya hadubini hutafutwa asko, yaani kifuko kirefu ambacho kwa kawaida hubeba spora 8, na namna kinavyofunguka. Mwaka 1885 Mfaransa Émile Boudier alizigawa kuvu hizi katika zile ambazo asko yake hufunguka kwa kifuniko, ambamo Desmazierella imo, na zile zisizo na kifuniko, zikiwemo mbili zilizotajwa kabla yake. Kufanana kwa vikombe, basi, si ushahidi wa undugu. Huongezwa pia tone la ayodini, ambalo hugeuza ncha ya asko kuwa ya buluu katika baadhi ya spishi. Hans-Otto Baral alionyesha mwaka 1992 kwamba seli hai zina sifa zinazopotea zikifa, na hoja hiyo ina uzito mkubwa: sampuli itazamwe kwanza katika maji ikiwa mbichi, kisha ndipo ikaushwe na kuhifadhiwa katika bahasha ya karatasi, kwani mfuko wa plastiki hutunza unyevu unaootesha ukungu mwingine.

Si kila doa jeusi ni apothesio. Dothistroma, kuvu iliyoshambulia Pinus radiata katika Afrika ya Mashariki tangu miaka ya 1950 hata upandaji wa mti huo ukaachwa, nayo hutoa vidoa vyeusi vinavyopasua ngozi ya sindano, mara nyingi ndani ya mkanda mwekundu, lakini vidoa hivyo hutoa spora zisizo na asko, hivyo kuviita apothesio ni kuuchanganya ugonjwa wa mti ulio hai na kazi ya kuozesha majani yaliyokwisha kufa.