Umbo la Mshipa na Mwendo wa Damu

Wahunzi wa Ufipa waliyeyusha chuma katika tanuru la udongo lililopita kimo cha mtu, wakaliita ilungu. Halikuwa na mivukuto. Moto ulipopanda, hewa ilivutwa yenyewe kwa matundu ya chini. Tanuru likiwa fupi, au matundu yakiwa yamekaa vibaya, kazi iliharibika. Hivyo, katika uwanda ule ambako leo upo mji wa Sumbawanga na kata yake ya Kizwite, watu walijua zamani kwamba umbo la chombo hutawala mwendo wa kitu kipitacho ndani yake. Matabibu wa ulimwengu walichelewa kuutumia ujuzi wa namna hiyo katika jambo moja zito, nalo ni uvimbe wa mshipa wa damu kichwani, uitwao anurisimu.

Ateri zipelekazo damu ubongoni hugawanyika mara nyingi, na kila penye panda damu huugonga ukuta, kama kijito cha milima ya Mbizi kinavyochimba ukingo wake penye kona. Ukuta ukidhoofika hutuna, ukawa kama kifuko chenye shingo. Wengi huishi na kifuko hicho bila ya kukihisi, wakafa kwa sababu nyingine. Kikipasuka, mtu hushikwa ghafula na maumivu ya kichwa ambayo hajapata kuyaonja maishani; wengi hufa, na miongoni mwa wanaopona wako wanaobaki na kilema.

Pete ya ateri iliyo chini ya ubongo, ambapo vifuko hivi hupenda kuota, ilielezwa vyema na Thomas Willis wa Oxford katika mwaka wa 1664. (Msomaji wa Ufipa asimchanganye na Roy Willis, aliyeandika habari za Wafipa karne tatu baadaye.) Lakini mishipa ya mtu aliye hai haikuonekana mpaka mwaka wa 1927, Egas Moniz alipoipiga picha mjini Lisbon. Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Norman Dott wa Edinburgh alikifunika kifuko kwa kipande cha msuli mwaka wa 1931, na Walter Dandy wa Baltimore alikibana shingo kwa kibanio mwaka wa 1937. Tangu miaka ya 1990 kifuko huweza kujazwa nyuzi za platini kwa ndani, bila ya kupasua fuvu, kwa njia ya Guido Guglielmi.

Swali gumu lilibaki: ni kifuko kipi kitakachopasuka? Hesabu ya Laplace, iliyotoka mwanzoni mwa karne ya 19, husema kwamba mkazo wa ukuta hukua kwa kadiri shinikizo na upana vinavyokua. Basi kikubwa kiogopwe. Utafiti wa mataifa kadhaa uliotangazwa mwaka wa 1998 ulikubaliana na hayo, kwa kuwa vifuko visivyofika milimita 10, kwa watu wasiopata kuvuja damu, vilipasuka kwa nadra mno. Hata hivyo wapasuaji waliendelea kupokea wagonjwa ambao vifuko vyao vilivyopasuka vilikuwa vidogo. Sehemu ya jibu ni wingi, kwa maana vidogo ndivyo vilivyo vingi. Lakini wingi haukutosha kueleza yote.

Ndipo umbo lilipoingia. Ujiie na wenzake wa Japani, katika maandiko yao ya mwaka 1999 na 2001, waligawa kina cha kifuko kwa upana wa shingo yake. Karibu asilimia 80 ya vifuko vilivyopasuka vilizidi 1.6, na karibu asilimia 90 ya visivyopasuka vilikuwa chini yake. Sababu yaeleweka. Kifuko kirefu chenye shingo nyembamba hupokea damu kwa taabu, na huko ndani kabisa damu huzunguka polepole, karibu kutuama. Ukuta usiosuguliwa na damu huingiwa na chembe za uvimbe, nazo huula taratibu. Wengine walipinga, wakasema ni msuguano mkali unaouchosha ukuta. Mwaka wa 2014 Hui Meng na wenzake walitoa rai kwamba pande zote mbili zina haki: mkali huweza kukonda ukuta wa vifuko vidogo, na hafifu huwaka ndani ya vikubwa. Rai hiyo yapendeza kuliko ushindani ulioitangulia, ingawa mipaka yake haijapimwa sawasawa. Kinundu kinachoota juu ya kifuko, kila mpasuaji hukiogopa.

Afrika ya Mashariki iliandikwa kwa muda mrefu kuwa pahali ambapo ugonjwa huu ni nadra. Lakini kisichopigwa picha hakihesabiwi. Mwaka wa 2009 Julius Ogeng'o wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walitoa habari za wagonjwa wa anurisimu nchini Kenya, na utafiti uliofanywa Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulionyesha kwamba kiharusi si kigeni Tanzania, wala shinikizo kubwa la damu lisilotibiwa. Kwa mtu wa Kizwite njia ya kufika Muhimbili, ilipo taasisi iliyoanzishwa mwaka wa 1996 na kutibu mifupa na ubongo, ni zaidi ya kilomita 1,000, na kifuko kilichokwisha kuvuja huwa na hatari kubwa ya kuvuja tena katika siku ya kwanza. Umbo na mwendo wa damu havionekani bila ya mashine. Shinikizo, ambalo Laplace alilitia katika hesabu ile ile, hupimwa kwa kitambaa kinachofungwa mkononi, zahanatini, kwa dakika chache.