Friji: historia ya hitilafu zilizozaa hitilafu

Nimekuwa kimya kidogo, na sababu ni jikoni. Hapa nyumbani Kakamega tumebomoa makabati ya zamani na tunaweka vigae vipya. Fundi akaniuliza, "Friji itakaa wapi, na ina upana gani?" Nikamwambia nitamjibu kesho. Kesho ikawa wiki, maana mimi sinunui kitu kabla sijachimba historia yake.

Kwetu friji si ya maziwa tu. Mama ana kisukari, na akiba ya insulini inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikiganda, imeharibika. Friji ya zamani ilikufa, kwa hivyo akiba yake iko kwa jirani.

Basi tuanze na mtungi wa udongo. Maji hupenya kwenye udongo, hukauka nje, na yakikauka huondoka na joto. Hewa ya Kakamega ina unyevu mwingi, kwa hivyo mtungi hapa hauna nguvu kama kwenye nchi kavu. Friji hutumia fizikia hiyohiyo, ila gesi yake haipotei: kompresa huikandamiza na kuizungusha tena. Jacob Perkins alipata hataza ya mashine ya namna hiyo London mwaka 1834.

Hitilafu ya kwanza ilikuwa sumu. Friji nyingi za zamani zilitumia amonia au dioksidi ya salfa, na bomba likivuja watu waliumia. Mwaka 1928 Thomas Midgley na wenzake Marekani wakapata gesi za CFC, zisizo na sumu wala kushika moto. Tatizo limekwisha? Sisi tunaoandika programu tunajua jibu. Mwaka 1974 Molina na Rowland walionyesha kwamba CFC hula tabaka la ozoni, na mwaka 1987 ukaja Mkataba wa Montreal.

Ikaingia R134a. Haidhuru ozoni, lakini kilo moja yake hupasha dunia joto kuliko kilo 1,000 za kaboni dioksidi. Mwaka 2016 mataifa yakakutana Kigali, kwa majirani zetu, yakakubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo. Sasa friji nyingi mpya zina R600a, yaani isobutani. Haidhuru ozoni, joto lake ni dogo mno, ila inashika moto! Ndiyo maana friji ya nyumbani huwekewa makumi machache tu ya gramu.

Dukani nilikuta mbili: kubwa ya mtumba yenye R134a, bei rahisi, na mpya ndogo ya R600a. Nilitamani ile kubwa. Lakini raba ya mlango wake ilikuwa imelegea, na stima ikikatika baridi ingetoroka haraka. Nikachukua ndogo, pamoja na kipimajoto na kifaa cha kuikinga stima inapopanda na kushuka.

Nilipomweleza mama habari za Perkins na Midgley, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sawa mwanangu. Sasa dawa yangu inarudi lini?"

Fundi amepewa jibu: sentimita 55, na nafasi ya kupumua nyuma. Dawa inarudi Jumamosi.

Haya, nendeni mkasome kibandiko cha friji zenu. Yenu ina gesi gani?